Kumpeleka mgonjwa India: mwongozo kamili wa viza ya matibabu, kuanzia faili la hospitali mpaka kurudi nyumbani

Mara ya kwanza kupeleka maombi ya viza ya mama pale ubalozi wa India Dar, karatasi zilirudi kwa ajili ya herufi moja. Paspoti inasema Mwanaidi, barua ya hospitali ya kule inasema Mwanahidi, na mimi ile barua nilishaisoma labda mara kumi nikitafuta tarehe na bei, jina sikuliangalia hata siku moja mana jina la mama yangu nalijua. Dada wa dirishani akaiweka paspoti sambamba na barua, akaweka kidole kwenye ile h, alafu akanigeuzia nione mwenyewe. Kurekebisha barua kulichukua siku nane. Kwa mgonjwa wa moyo siku nane ni nyingi sana ndugu zangu.

Tangu hapo nimeshasindikiza ndugu na majirani kadhaa kwenye safari hiihii na nimeona viza nyingi zinakwama nyumbani, sio ubalozini. Pale dirishani hawana muda wa kusikiliza mgonjwa anaumwa kiasi gani, wanalinganisha karatasi, na karatasi zikisema kitu kimoja kazi inaenda. Kwahiyo naandika kila kitu kwa mpangilio, we soma chote kwanza alafu ndo uanze.

Ujue ubalozi unafanya nini na haufanyi nini

Sisi tunauita ubalozi, wao kwenye bango wameandika High Commission kwa sababu India na sisi wote tuko Jumuiya ya Madola, Nairobi na Kampala ni hivyohivyo, ila Kinshasa ni Embassy. Kazi ni ileile. Wanahudumia raia wao kwanza, paspoti zao, vyeti vya watoto wao, mtu wao akipata matatizo huku. Kuna watu wa biashara, kuna watu wa utamaduni, kuna skolashipu za ICCR (baraza lao la utamaduni) na kozi fupi za ITEC (mpango wao wa mafunzo kwa nchi nyingine) ambao upo tangu 1964 (watumishi wa serikali wengi wamezipitia hizo). Alafu kuna kitengo cha konsula, ndo kinachotoa viza, hicho ndo chako. Zanzibar kuna konseli yao na Mombasa wana ofisi pia.

Sasa ambacho hawafanyi. Hawakuchagulii hospitali, hawakulipii, hawagombani na hospitali kwa ajili ya bili yako. Na mkishafika India ule ubalozi wa Dar sio wenu tena, kule ubalozi wenu ni ule wa Tanzania ulioko New Delhi, au wa Kenya, au wa Uganda, kutegemea na paspoti mliyobeba. Tafuta namba yao kabla hujaondoka uiandike kwenye karatasi, simu inaisha chaji.

Hatua ya 1: Faili la mgonjwa

Anza na daktari wako wa hapa. Unataka ripoti ya kitabibu iliyochapwa, yenye jina kama lilivyo kwenye paspoti, ugonjwa wenyewe, alichofanyiwa mpaka sasa, dawa anazotumia na kwanini anahitaji kwenda nje. Muulize pia kwa uwazi kama matibabu hayo yapo nyumbani, usione aibu, mana sahivi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete inafanya mengi na Muhimbili wanapandikiza figo tangu 2017. Nimeona familia inauza kiwanja kwenda kufanyiwa kitu ambacho kilikuwa kinafanyika Upanga.

Kama ni kweli lazima aende, kusanya hivi: majibu yote ya damu ya karibuni, CT na MRI kwenye sidii (ile karatasi ya maelezo peke yake haitoshi, daktari wa kule anataka kuziona picha mwenyewe), na kwa mgonjwa wa saratani omba maabara wakupe slaidi pamoja na vile vibloku vidogo vya nta vyenye kipande cha nyama iliyokatwa. Watu wanasahau sana vibloku, wakifika kule mgonjwa anakatwa upya, maumivu upya na hela upya. Viweke kwenye kikopo kigumu, ubebe kwenye begi la mkononi, usiviache juani ndani ya gari.

Paspoti ya mgonjwa na za wasindikizaji ziwe na zaidi ya miezi 6 na kurasa mbili tupu. Kama inakaribia kuisha anzeni uhamiaji kwanza, mana ukibadili paspoti katikati kila kitu kinaanza upya, viza inafungwa na namba ya paspoti.

Hatua ya 2: Barua ya hospitali ya India

Hospitali kubwa za Delhi, Chennai, Mumbai, Bengaluru na Hyderabad zina dawati la wagonjwa wa kimataifa. Skani faili lote, tuma kwa imeili kwenye hospitali mbili au tatu kwa wakati mmoja, waombe maoni ya daktari na makadirio ya gharama. Usilipe chochote kwa hilo. Angalia kama hospitali ina ithibati ya NABH, ndo chombo chao cha kukagua ubora.

India wako mbele yetu masaa mawili na nusu. Ofisi zao zikifunga saa kumi na moja jioni yao huku ni saa nane na nusu mchana, kwahiyo piga simu asubuhi, ukisubiri mpaka utoke kazini umeshawakosa.

Kuhusu mawakala. Wapo wazuri wanaosaidia kweli, ila wengi wanalipwa kamisheni na hospitali wanayokupeleka, kwahiyo sifa anazokupa sio bure. Ukimtumia, hakikisha bado wewe mwenyewe umeongea na hospitali moja kwa moja. Na hela ya matibabu usimtumie mtu binafsi hata akikuonyesha kitambulisho chenye nembo, omba ankara yenye akaunti ya hospitali alafu ipigie hospitali kwa namba iliyoko kwenye tovuti yao, wakusomee akaunti namba kwa namba.

Barua yenyewe ya viza iwe kwenye karatasi yenye nembo ya hospitali na iwe na jina la mgonjwa na namba ya paspoti, majina na namba za paspoti za wasindikizaji, ugonjwa, jina la daktari, na muda wa matibabu unaokadiriwa. Ikifika, kaa chini na mtu mwingine. Mmoja ashike paspoti asome herufi moja moja kwa sauti, mwingine afuate kwenye barua. Najua inaonekana kama mchezo wa watoto ila ndo dakika tano zitakazokuokolea wiki. Majina yetu yana mitego: Hawa na Hauwa, Rehema na Rahma, Issa na Isa, Mohamedi na Mohamed.

Hatua ya 3: Uchague viza ipi

Zipo njia mbili na hapa ndo watu wanakosea.

Ya kwanza ni viza ya mtandaoni, inaitwa e-Medical, na wasindikizaji wanachukua e-Medical Attendant, mwisho wasindikizaji wawili kwa mgonjwa mmoja. Unaomba kwenye indianvisaonline.gov.in tu. Zipo tovuti kibao zinazofanana na hiyo, zina bendera na picha ya Taj Mahal, zinakutoza mara kadhaa ya bei alafu zinaenda kukujazia fomu ileile. Angalia mwisho wa anwani, lazima iishie na gov.in. Viza hii inakupa siku 60 tangu siku unayoingia, na unaweza kuingia mara tatu. Omba angalau siku nne kabla ya safari, mimi nasema wiki mbili, mana ukikosea picha wanakurudishia na saa inatembea.

Ya pili ni viza ya kawaida inayobandikwa kwenye paspoti, hiyo ndo ya ubalozini. Ichukue kama matibabu yanazidi siku 60, mfano mionzi na kemo za miezi, au kupandikiza kiungo, au kama mnajua mtarudi tena na tena. Wanaweza kutoa mpaka mwaka mmoja kulingana na barua ya hospitali. Panga kama vile zile siku 60 za mtandaoni haziongezeki kabisa, usiende na matumaini kwamba utabembeleza kulekule.

Jambo moja kwa ndugu zetu wa pwani wenye asili ya Asia: kama wewe, mzazi au babu yako alikuwa na uraia wa Pakistan, viza ya mtandaoni sio njia yako, unatakiwa kwenda ubalozini, na anza mapema sana mana inachukua muda mrefu zaidi. Fomu inaliuliza hilo swali waziwazi. Jibu ukweli.

Na usimpeleke mgonjwa anaeenda kulazwa kwa viza ya utalii kwa sababu eti ni rahisi. Mnaweza kukwama hospitalini, na kwa upandikizaji ndo kabisa, hawagusi mtu asiye na viza ya matibabu.

Hatua ya 4: Kujaza fomu bila kulia

Fomu ni ndefu. Jaza kwenye kompyuta, sio simu, na ukianza tu itakupa namba ya muda, iandike kwenye daftari hapohapo kwa sababu intaneti ikikatika ndo unarudi nayo ulipoishia.

Sehemu ya jina wanataka jina la ukoo peke yake na majina mengine peke yake. Usifikirie ni lipi la ukoo kwa mila zenu, fungua paspoti uone lenyewe limegawa vipi, ndo unaandika hivyohivyo. Watauliza dini, alama inayoonekana mwilini (kovu, doa, kama hakuna andika hakuna), majina ya baba na mama na walikozaliwa, nchi ulizotembelea miaka 10 iliyopita. Mama alikuwa hajui mama yake alizaliwa wapi zaidi ya "kule shamba", tukaandika wilaya. Kaa na mgonjwa wakati wa kujaza, usijaze kwa kukisia.

Kuna sehemu inataka mtu wa rejea aliyeko India na mwingine wa nyumbani. Watu wanapanik hapa, wanasema sina ndugu India. Weka hospitali: jina lake, anwani na simu ya lile dawati la kimataifa, vyote vipo kwenye barua yako. Wa nyumbani weka ndugu anaepokea simu.

Picha. Kwa viza ya mtandaoni ni JPEG ya mraba kabisa, urefu sawa na upana, nyuma kweupe, isiyozidi MB 1, na ukurasa wa paspoti na barua vinapandishwa kama PDF isiyozidi KB 300. Hapo kwenye KB 300 ndo pagumu, skani ya stationery inatoka MB mbili, mwambie kijana akuskanie kwa ubora mdogo ila maandishi yasomeke, hasa ile mistari miwili ya chini ya paspoti. Kwa viza ya ubalozini picha ni inchi 2 kwa 2, mwambie mpiga picha "ya viza ya India", usikubali zile za paspoti ndogo. Mgonjwa akiwa hawezi kukaa, piga akiwa amelala juu ya shuka jeupe, ilimradi uso wote uonekane na hakuna kivuli.

Ada ya mtandaoni hairudi, ukubaliwe ukataliwe. Majibu yakija angalia hali iwe imeandikwa GRANTED, sio imeili tu kwamba wamepokea. Printi nakala mbili.

Hatua ya 5: Siku ya dirishani

Hii ni kwa wale wa viza ya kawaida. Fomu unajaza kwenye tovuti hiyohiyo upande wa viza ya kawaida, unaprinti, unabandika picha, unasaini chini ya picha na mwisho wa fomu. Kabla hujatoka nyumbani ingia tovuti ya ubalozi wenyewe, hcindiatz.gov.in kwa Tanzania na hcinairobi.gov.in kwa Kenya, uone masaa ya kupokea, ada ya sasa na inalipwaje. Usitegemee alichokwambia mtu aliyeenda mwaka juzi, hata mimi.

Wanafunga sikukuu zao za taifa, 26 Januari, 15 Agosti na 2 Oktoba, juu ya hizi za kwetu. Nimeshakutana na mzee katoka Tabora na basi usiku kucha akakuta geti limefungwa tarehe 15 Agosti.

Panga karatasi kwa mfuatano huu: fomu, paspoti na kopi yake, barua ya hospitali ya India, ripoti ya daktari wa hapa, makadirio ya gharama, taarifa ya benki ya anaelipa, na ushahidi wa undugu kati ya mgonjwa na wasindikizaji. Anaelipa kama sio mgonjwa aandike barua fupi ya kudhamini na kopi ya kitambulisho chake. Kama mgonjwa ni mtoto, cheti cha kuzaliwa na ridhaa iliyosainiwa na wazazi wote wawili. Baba yuko mbali? Anza kumtafuta leo.

Ukiulizwa jibu kilichoulizwa tu. Na kama mgonjwa yuko hali mbaya, sema mapema na uonyeshe barua ya daktari inayosema hivyo, ubinadamu upo pale, ila unahitaji karatasi ya kuushika.

Wagonjwa wa figo na ini, someni hapa mara mbili

Sheria ya India ya upandikizaji ya 1994 ni kali na ina sababu, watu maskini waliuziwa viungo vyao kama nyanya. Mgeni hawezi kwenda kupewa figo na Mhindi aliye hai asiye ndugu yake. Mnaenda na mtoaji wenu, ndugu wa karibu: mume au mke, mzazi, mtoto, kaka au dada, bibi au babu, mjukuu. Na undugu huo lazima uthibitishwe na ofisa mwandamizi wa ubalozi wenu kule New Delhi kwenye fomu maalum, inaitwa Form 21. Alafu mnakaa mbele ya kamati, mgonjwa na mtoaji, mahojiano yanarekodiwa kwa video, wanataka kuwa na uhakika mtoaji hajalazimishwa wala kulipwa.

Kwahiyo kabla ya kupanda ndege beba vyeti halisi vya kuzaliwa vya wote wawili, cheti cha ndoa kama ni mke na mume, kiapo cha mahakamani cha undugu, barua ya serikali ya mtaa, na picha za zamani za familia, harusi, msiba, Idi, Krismasi. Vilivyo kwa Kiswahili vitafsiriwe Kiingereza na vigongwe muhuri hukuhuku. Nawajua ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, cheti kimoja kimeandika jina la baba "Salum" na kingine "Salim", wakakaa gesti Delhi wiki tano wakisubiri karatasi kutoka nyumbani huku mgonjwa anasafishwa damu kwa hela ya mfukoni. Gesti, chakula, dialisisi, kila siku.

Hatua ya 6: Kabla ya kupanda ndege

Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuingia India. Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ziko kwenye orodha yao, na we wa Tanzania ukipitia Nairobi au Addis unaweza kuulizwa vilevile. Usipokuwa na ile kadi ya njano wanaweza kukuweka karantini mpaka siku 6. Kama mgonjwa hatakiwi kuchanjwa kwa sababu ya ugonjwa wake, daktari aandike barua, na uliza ubalozini mapema watalipokeaje.

Mgonjwa wa oksijeni, machela au wheelchair, shirika la ndege lina fomu yake ya kujazwa na daktari, iombe siku unayokata tiketi. Ukifika airport nayo kwa mara ya kwanza ndege inawaacha.

Hela taslimu zikizidi dola 5,000 unatakiwa kuzitangaza forodhani ukifika. Tangaza tu, hakuna kosa, kosa ni kuficha.

Hatua ya 7: Mkishafika

Uhamiaji watachukua alama za vidole na picha. Barua ya hospitali iwe mkononi, sio kwenye begi lililoingia chini ya ndege.

Gesti au hospitali mnayofikia inatakiwa kuwaripoti kwa serikali ndani ya masaa 24, karatasi yake imezoeleka kwa jina la Form C. Omba kopi, mana mkienda kuongeza viza au kubadili chochote ndo cha kwanza kuulizwa. Kama viza yako ni ya zaidi ya siku 180, mnajiandikisha ofisi ya wageni, FRRO, ndani ya siku 14, inafanyika mtandaoni kwenye indianfrro.gov.in. Dawati la kimataifa la hospitali wanaijua kazi hii, wabane wakusaidie. Na ulizia mkalimani wa Kiswahili tangu siku ya kwanza, hospitali nyingi kubwa wanae. Mama yangu Kiingereza anakielewa kidogo, ila siku alipoelezewa moyo wake kwa Kiswahili ndo alianza kuuliza maswali yake mwenyewe.

Hili hakuna anaependa kulisikia lakini naliandika kwa sababu likitokea hutakuwa na akili ya kutafuta. Mgonjwa akifariki, kumrudisha kunahitaji cheti cha kifo, cheti cha kuhifadhi mwili, kibali cha polisi, na barua ya ubalozi wenu wa New Delhi ambao pia wataifuta paspoti ya marehemu. Piga ubalozini kwanza kabla hujaongea na kampuni yoyote ya kusafirisha, na viza za waliobaki ziangalieni zisije zikaisha katikati ya hayo yote.

Kabla ya kurudi

Siku ya kuruhusiwa usitoke na risiti tu. Chukua muhtasari wa matibabu uliosainiwa, sidii za picha mpya, vibloku kama wamekata nyama, na tarehe ya kurudi kliniki kwa maandishi, hiyo ndo itakuwa barua yako kwenye viza ijayo. Alafu mwombe daktari aandike majina halisi ya dawa, sio majina ya kampuni, pamoja na dozi zake. Mama alirudi na mfuko umejaa dawa za miezi mitatu, zilipobaki za siku nne nikazunguka famasi sita Kariakoo na makopo mkononi, hakuna aliyelijua lile jina la kule, mpaka mfamasia mmoja mzee akavaa miwani akageuza kopo akasoma maandishi madogo ya nyuma, kumbe dawa yenyewe ilikuwa nyuma yake kwenye shelfu.